Jina la Ng'walu

Mpaka leo nikisikia ndoo tupu ya bati inagonga goti la mtu anayetembea, ngo, ngo, ngo, shingo inaniwaka. Nyie ndio wa kwanza kuwaambia sababu, kwa hiyo msinicheke haraka.

Miaka ya tisini pale Majengo mi nilikuwa Asha, na darasani kina Asha tulikuwa watano. Mwalimu akiita, tunaitika kama kwaya. Ng'walu alikuwa mmoja tu. Kwao walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani, wakakaa Mwamkulu, halafu bibi yake mzaa baba alipoanza kuumwa miguu wakapanga nyumba ya nyuma yetu, wawe karibu na hospitali. Bibi naye aliitwa Ng'walu. Rafiki yangu alirithi kwake.

Watoto wa mtaani jina liliwashinda. Huyu anasema Ngualu, yule Walu, mwalimu mwenyewe alikuwa anakohoa kwanza. Na rafiki yangu akiguswa, nimeguswa mimi. Niliwapanga nyuma ya duka la baba nikawafundisha. "Ng'ombe unaweza kusema? Basi anzia hapo, halafu chongoa mdomo kama unapuliza chai. Ng'walu." Aliyekosea nilimfinya sikio. Mwezi haukuisha, mtaa mzima unalitamka kama wamezaliwa nalo.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumsikia akilitaja: mama yake. Yeye alimwita "mayu", neno la kwao, maana yake mama. Mayu njoo, mayu kula. Nikaona huyu anamwonea haya mwanae. Likanikaa rohoni.

Jumamosi moja tulikuwa bombani, foleni ya ndoo mpaka kwenye kichuguu. Bibi alikuwa ameletwa kuota jua, amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha. Mama Ng'walu akaita, "Mayu, sogeza ndoo."

Nikashindwa kuvumilia. "Mama Ng'walu, mwanao ana jina. Hata wewe linakushinda?"

Wanawake wawili watatu wakacheka. Kile kicheko kikanipa kichwa. "Sema basi. Ng'walu. Mbona rahisi?"

Mama Ng'walu alikunja magoti kidogo kuelekea kwa mkwewe, bila kumtazama, akaokota ndoo yake tupu, ingawa alibakiza mtu mmoja tu zamu yake ifike, akaondoka. Ngo, ngo, ngo. Rafiki yangu alinitazama kama hanijui, akamfuata.

Nyumbani habari zilinitangulia. Mama hakunipiga, na bora angenipiga. Aliniuliza tu, "We Asha, umewahi kunisikia namtaja baba wa baba yako kwa jina?"

Nikatafuta kichwani, sikupata.

"Mkwe hatajwi. Na lile jina alilitaka Mama Ng'walu mwenyewe, maana yule bibi amemlea kama binti yake wa kumzaa. Leo umemtaka amvunjie heshima, na mkwe mwenyewe kakaa pale anasikia."

Nilidhani aibu imeishia hapo. Kumbe wanafunzi wangu walikuwepo kwenye foleni. Wiki nzima Mama Ng'walu hakupita bila mtoto kumwimbia kutoka nyuma ya ua, "Sema Ng'walu, sema Ng'walu." Na walitamka vizuri, hakuna aliyekosea, vile vile nilivyowafundisha. Niliwapiga. Nilipigwa pia. Wanasema mdomo huponza kichwa, ila wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Nikaenda kuomba radhi, nimebeba sukari ya dukani kwenye karatasi. Mama Ng'walu alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa. Sikuomba vizuri, nilifoka, ndivyo nilivyo. Nilitaka aseme, "Nimekusamehe, Asha." Yeye akamimina maziwa mgando kwenye bakuli, akanisogezea. "Kaa, mayu. Kunywa."

Nikanywa huku nalia kwa hasira. Nilijua ananiadhibu, kwamba hata jina langu, jina la watu watano, amekataa kulitaja. Niliondoka bila kuaga. Muda si mrefu wakahamia upande wa Ugalla kufuata malisho, na mi sikutoka nje kuwaaga.

Juzi juzi hapa nilikuwa namlisha binti yangu uji, nikajisikia namwambia, "Kunywa, mama." Kijiko kikabaki hewani. Nyumba ile neno lile lilikuwa la mtoto mmoja tu, na siku ile ya maziwa Mama Ng'walu aliniita mimi hivyo.