Zamu ya Maji Kirindo

Enzi zetu maji yalikuwa na zamu. Usicheke. Wewe uliyezoea kufungua bomba hapa Doha mwezi wa saba, la baridi likakutolea maji ya kukorogea uji, hujui nasema nini. Ila mwenzangu uliyekulia milimani, kwenye vile vijiji ambavyo gari likifika darasa zima linatoka kulitazama, mwalimu akiwa mbele, wewe utanielewa.

Mimi ni wa Kirindo, juu kabisa katika milima ya Upare. Siku hizi naishi mtaa wa Najma hapa Doha, nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja kule West Bay. Watu wakiniuliza kwetu kuna nini, hutegemea niseme baridi na makande. Baridi ipo, na makande tuliyala asubuhi, mchana na jioni, sikatai. Lakini Kirindo ina mambo, jamani! Kuna Jiwe la Bibi Harusi pale njia panda, ambapo kila mwari aliyepandishwa kutoka tambarare alikaa kitako akagoma kuinuka mpaka wakwe wamtunze kitenge. Kuna kanisa la mawe lenye kuta nene hata mvua ya masika ukiwa ndani huisikii. Kuna kengele ya shule yetu, ambayo kwa kweli ni kipande cha reli. Babu zetu walikibeba mabegani kutoka kituo cha treni kule bondeni, wakapanda nacho mlima mzima, kwa sababu waliambiwa shule isiyo na kengele haiwezi kuletewa mwalimu. Kikigongwa, kilisikika hadi kijiji cha pili, na wa kijiji cha pili walichukia sana.

Na kuna ndiva. Hapo ndipo ninapovimba kichwa. Ndiva ni bwawa lililochimbwa na mababu kwa majembe ya mkono, likazungushiwa ukuta wa mawe na udongo wa mfinyanzi. Maji ya chemchemi hujikusanya humo usiku kucha. Asubuhi mwenye zamu huchomoa gogo lililoziba tundu, na maji hushuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Kila nyumba ina siku yake ya maji, na kila nyumba ina kipande chake cha ukuta cha kutunza. Usipotunza kipande, zamu huna, na kiangazi utakula kwa macho.

Ukuta ukibomoka, Mzee Kiondo, aliyekuwa msimamizi wa mfereji, alipanda kilimani akapuliza baragumu lake la pembe ya tandala. Hapo ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na hakuna cha mwalimu wala mchungaji. Sisi watoto tulipewa mawe yetu ya saizi yetu, tukayabeba juu ya ngata za majani ya mgomba. Tulikanyaga udongo kwa miguu huku wanawake wakiimba, tope baridi linapenya katikati ya vidole, mpaka meno yanagongana. Kazi ikiisha tuliteremka mteremko mzima tumekalia magome ya migomba, na sketi zetu zikirudi nyumbani hazitamaniki. Mama alikuwa ananifinya kwa mkono mmoja, mkono wa pili ananimiminia uji wa moto.

Asiyetokea alifuatwa. Jirani yetu mmoja alijifanya ana homa. Kamati ikaenda kumjulia hali, ikamkuta anapuliza makande kwenye kijiko. Hawakugombana naye. Waliinua sufuria na vyote vilivyomo, wakaja navyo ndivani, tukala sote, mengine yakabaki. Sufuria yenyewe alirudishiwa siku alipoleta mawe yake. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanigeukia na kusema, “Nakunda, maji hayakujui jina, yanakujua mkono.” Baba alikuwa amefariki tayari, na kipande chetu cha ukuta alikitunza yeye mwenyewe, akiwa na jembe kiunoni na kaka yangu mdogo mgongoni.

Watoto wa siku hizi, wee! Upendo, binti wa huyo kaka yangu, ni mhudumu wa mapokezi hoteli ya jirani na yangu. Amezaliwa Dar na kukulia Dar, na kucha zake ni ndefu hivi kwamba akitaka kumenya kitunguu ananiita mimi. Nikimsimulia Kirindo anasema, “Shangazi, hiyo ndiva ina picha mtandaoni?” Haina. “Basi haipo.” Nikaapa kwamba mtoto huyu hata jiwe la kusugulia miguu hajawahi kulibeba.

Mwaka huu masika yalikuja na hasira yakaubeba ukuta upande mmoja, pamoja na kipande chetu. Mwenyekiti wa ndiva akatangaza msaragambo kwenye kundi letu la simu: kila nyumba itoe mtu wake, na nyumba ambayo haitaonekana, zamu yake watagawiwa waliofika. Nilipousoma ujumbe huo nilikuwa natoa mashuka kwenye mashine. Mama sasa ana magoti yanayomsumbua, kushuka kizingiti tu ni shughuli. Kaka yangu alishatangulia mbele ya haki. Maharage ya mama, ndizi zake, ng'ombe wake mmoja, vyote vinaishi kwa zamu ile ya Jumanne. Nikamwendea mudiri, yaani bosi wetu wa dobi, kuomba likizo. Akanionyesha ukutani ratiba ya wageni, hoteli imejaa. Likizo yangu ni mwakani.

Nikampigia mama. “Mama, niweke kibarua akubebee.”

“Kibarua akishabeba anakwenda kwao,” akasema. “Wanataka kumwona mtu wa nyumba hii. Usijali, nitashuka mwenyewe.”

“Mama, magoti!”

“Magoti si ni yangu?”

Nililia, sitadanganya. Upendo alikuwa kitandani kwangu anapaka rangi kucha, na likizo yake ilikuwa imeshapitishwa, tiketi ya Dar mkononi, mipango ya kwenda ufukweni na wenzake imekamilika. Hakuniambia pole. Aliuliza, “Huko network inashika?” Nikamjibu kwa ukali kwamba ya simu inashika, ya video ni kule ndivani na pale Jiwe la Bibi Harusi tu, ukisimama juu. Akaendelea na kucha.

Ijumaa mbili baadaye nipo chumbani Najma, napasha wali, simu ikaita. Ni video. Nikaona tope kwanza, kisha kitenge cha mama, kisha ndani ya kitenge cha mama nikamwona Upendo, tope mpaka mapajani, kichwani ngata ya majani ya mgomba. Kucha zilikuwa zimebaki mbili.

“Shangazi, hii baridi ni ya nini?” alipiga kelele. “Mbona hukusema ni baridi ya hivi?”

Nyuma yake ukuta ulikuwa umesimama tena. Mama alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha kanisa, amejifunika blanketi, anatoa amri kama msimamizi wa barabara. Akaletewa simu. “Mtoto analalamika kama redio,” akasema, “lakini jiwe haachii.” Mwenyekiti akapita, akaelekeza kipande cha ukuta kwa fimbo, akawaambia waliokuwa wanaandika, “Hapa ni kwa Upendo. Jumanne, kama kawaida.”

Kwa Upendo! Miaka yote palikuwa kwa Mama Nakunda. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele, Mkenya wa chumba cha pili akaja kugonga mlango akidhani nimejifungua. Mama ana maji yake. Kisha simu ilipokatika nikakaa, wali unaungua. Nilimwonea wivu mtoto wa kaka yangu kwa ajili ya tope.

Enzi zetu ukuta wa ndiva tuliujenga sisi, nami naweza kukuambia hata leo jiwe lipi lilitoka mtoni na lipi tuliliangusha likamponda Mzee Kiondo kidole. Ila mawe hayo masika yameondoka nayo. Huu wa sasa ni ukuta mwingine, umejengwa na watoto tunaowasema kutwa nzima kwamba hawajui kitu, nao umenyooka kuliko wetu. Ndani yake hamna hata jiwe moja la mkono wangu. Mwakani nikipata likizo nitapanda Kirindo, na itabidi nimwombe Upendo anionyeshe kwetu ni wapi.