Meli ya Bulla Pesa

Nikiwaambia watu kwamba mimi na bwana yangu tulisafiri siku nyingi kwa chombo chetu wenyewe, tukipika na kulala majini, wananiuliza kama ilikuwa Mombasa au Malindi. Nawaambia ilikuwa Isiolo. Wanacheka. Wacha wacheke. Hata majirani zetu wa Bulla Pesa walicheka walipomwona akifunga mapipa matupu ya mafuta uani, mstari huku, mstari kule, na mbao katikati. "Fundi, bahari iko wapi?" Mwenye ploti alimwambia aharakishe meli yake, kwani yeye pia angependa kwenda Maka kabla hajafa. Mimi sikuweza kucheka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwanangu alikuwa Korbesa, mbali kule chini mtoni.

Tulikuwa tumempeleka kwa nyanya yake alipoachishwa titi, akanywe maziwa. Baba mkwe wangu alikuwa Msomali, askari wa mkoloni aliyebaki Isiolo baada ya kazi, lakini mama mkwe ni Mborana wa kule chini mtoni, na kwao mtoto hapewi uji wakati ng'ombe wanakamwa. Mimi ni Mmeru. Kwetu uji ni chakula, tena cha heshima. Tulibishana mimi na bwana yangu, nikashindwa. Ilikuwa iwe msimu mmoja tu.

Halafu vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, vikatukuta. Watu wa mtoni walikusanywa ndani ya ua wa miiba chini ya bunduki, na aliyeonekana nje alihesabiwa kuwa shifta. Waborana wanaiita miaka hiyo daba, kusimamishwa, kwa maana hakuna mtu wala mnyama aliyeruhusiwa kwenda popote. Ng'ombe walikufa kwa kukosa malisho. Siku moja dereva mmoja aliyetoka huko alituambia surua imeingia ndani ya ua, na watoto wanazikwa. Hakusema ni wetu. Hakusema pia kwamba si wetu. Siku hiyo ndiyo bwana yangu alikwenda kutafuta mapipa.

Alikuwa fundi wa malori yaliyobeba mahindi ya serikali, kwa hiyo dereva alikubali kutufikisha Biliqo, mapipa yetu yakiwa chini ya magunia. Mbele ya hapo hakuna gari lililothubutu, barabara ilikuwa imetegwa mabomu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani kwetu na mto Ewaso Nyiro umejaa, maji mekundu, mazito. Tuliyafunga mapipa upya kwa kamba na waya, tukasukuma, tukapanda. Mama yangu! Mimi mtu wa shamba la viazi, sijui kuogelea hata kwenye karai. Nilishika mbao kwa mikono miwili na kumwambia kama nitakufa maji nitamsumbua huko ahera. Akasema, "Wallahi, hata hapa umenisumbua vya kutosha."

Lazima niseme ukweli, ingawa nasikia aibu kuusema: siku zile zilikuwa nzuri. Tulikuwa hatujawahi kukaa pamoja hivyo, bila wageni, bila kazi, bila jirani kusikiliza ukutani. Tulifuata ukingo chini ya mikoma, yeye na mti mrefu wa kusukumia, mimi na kopo la kutoa maji. Mchana tulijificha kwenye vichaka, nikachemsha chai ya rangi juu ya mchanga. Wakati wa kuswali ukifika na bado tunaelea, alisimama akielekea kibla, mto unapinda, kibla kinahama, naye anageuka nacho kidogo kidogo huku mbao zikiyumba chini yake. Nilicheka hadi nikashika tumbo. Alipomaliza alisema Mungu ameona bidii. Kisha nikashika tena kopo la kutoa maji, maana tulikumbuka tunakwenda wapi.

Tulikuwa na mpango. Ukingoni kulikuwa na watu wa aina mbili, na wote walikuwa na bunduki. Anayeita "habari" ni mwanajeshi, mtu wa bara kama mimi, huyo nitamjibu mimi. Anayeita kwa salaam ni shifta au mchungaji aliyekimbia ua, huyo atajibiwa na bwana yangu. Mpango mzuri. Ulitupitisha mji wa Merti salama, kwa sababu hakuna aliyetuita.

Tulipokuwa tumebakisha safari ya asubuhi moja kufika Korbesa, sauti ilitoka kwenye mikoma.

"Asalaam aleikum!"

Nilijua hapo hapo. Neno lilikuwa la Waislamu lakini mdomo ulikuwa wa kwetu milimani; nimekua nikisikia sauti za namna hiyo sokoni, haziwezi kunidanganya. Niligeuka nimzuie bwana yangu. Alikuwa amekwisha kujibu, yote, mpaka rehema na baraka za Mungu, kwa sauti nzuri aliyofundishwa na baba yake. Angefanya nini? Salaam ikitolewa, Mwislamu haiachi hewani. Aliyeita alilijua hilo, ndiyo maana aliita hivyo. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Wanajeshi walitoka na bunduki, wakatuvuta ukingoni. "Shifta anatembea na bibi," mmoja alisema. Nililia, nikapiga magoti kwenye matope. "Afande, huyu ni bwana yangu. Ni fundi. Yeye ndiye anatengeneza malori yenu! Tunafuata mtoto mgonjwa." Yule wa salaam aliniuliza kwa Kimeru natoka wapi, nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake niliichukia. Alisema mimi ni dada yao na naweza kwenda. Bwana yangu atabaki aulizwe maswali.

Nikasema sitoki hapo bila yeye. Bwana yangu ndiye aliyenifukuza. "Mama, wewe nenda kwa mtoto. Pipa la nyuma linavuja, kaa mbele. Usiache ukingo wa kulia." Hayo tu. Alisema kama mtu anayeniagiza dukani. Akasukuma meli kwa mguu wake mwenyewe, mikono ikiwa imefungwa, na maji yakanichukua. Sikumwona tena, wala kaburi lake sikuonyeshwa, na niliuliza katika kila ofisi iliyokuwa na mlango.

Korbesa nilifika nimelowa mpaka kichwani. Mlinzi wa ua aliona mwanamke mmoja wa bara, bila mzigo, akalia, akaniruhusu. Ndiyo, alilia, alikuwa kijana tu, na sijui aliona nini humo ndani kabla yangu.

Mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya kibanda cha matambara. Mapajani alikuwa na mtoto wangu, ngozi imechubuka kwa surua, macho makubwa, mzima. Mzima! Nilipiga kelele. Mtoto aliogopa, akaficha uso kwa nyanya yake, akamwita "akko, akko." Hakunijua. Mama mkwe alimbembeleza, akamtoa taratibu, akaniwekea mikononi. Alikuwa mwepesi hata nikaogopa kumkaza.

Kisha mama mkwe akatazama nyuma yangu, kule mtoni. Akaniuliza kwa Kiborana, pole pole ili nielewe, "Wako ndiye huyo. Wangu yuko wapi?"

Nilimwambia. Kiborana changu kilikuwa kidogo, kwa hiyo nilisema kwa maneno machache, vibaya, bila pazia. Hakulia kwa sauti. Alinyoosha mikono na kumchukua mtoto tena, akamkumbatia akiyumba mbele na nyuma. Nilikuwa nimevuka yote yale ili nimshike mwanangu. Nikamwachia.