Mwani wa Bi Kijani

Mtaani walimwita Bi Kijani kwa sababu ya vidole vyake. Alikuwa fundi wa maabara chuoni, na kazi yake kubwa ilikuwa kuosha, kukausha na kusaga mwani wa kijani, ule mpana na laini kama jani la saladi. Hata akivaa glavu, rangi ilimfuata mpaka nyumbani. Mumewe alimtania kwamba iko siku atachipua.

Watafiti walichuja maji ya mwani ule na kuyajaribu. Kwenye visahani vya kioo, baadhi ya bakteria waliacha kuongezeka. Panya waliopakwa, vidonda vyao vilifunga mapema kidogo. Kwa binadamu, bado.

Habari hizo alizisimulia siku moja sebuleni kwa kaka yake, akidhani anapiga soga tu. Kaka mtu alikuwa mshonaji nguo, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, na alikuwa na kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa katakata kupona. Alingoja mkewe aende jikoni.

"Mdogo wangu, niletee hiyo dawa kidogo."

"Si dawa, kaka. Inajaribiwa bado."

"Kichupa tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Hatujui kipimo chake, wala hatujui itakufanya nini. Rudi kliniki."

"Kliniki watanikata." Akacheka kicheko kikavu. "Yaani panya wanapakwa, ndugu wa tumbo moja ananyimwa?"

Bi Kijani alichukua mkoba wake. Aliaga, na tangu hapo kaka akawa hapokei simu zake.

Aliyempigia baadaye alikuwa wifi yake. "Wifi, njoo. Mguu unanuka."

Alimkuta kaka kitandani, mguu umefungwa kitambaa kilicholowa ukijani. Alikuwa ameenda ufukweni mwenyewe, akaokota mwani uliotupwa na maji pale mfereji wa maji taka unapoingilia baharini, akautwanga na kujibandika. Bi Kijani alifungua kitambaa. Kaka alikuwa akitetemeka kwa homa.

"Sema basi," kaka alisema. "Sema ulinikataza."

"Vaa shati. Tunaondoka."

Hospitali walimkata vidole viwili. Daktari alisema wangezidi kuchelewa, mguu ungekwenda wote.

Alipopata nafuu, kaka alimwuliza dada yake kama bado amemkasirikia.

"Nimejikasirikia mwenyewe. Nilikuja kupiga soga kuhusu vidonda mbele ya mtu mwenye kidonda."

"Ulisema bado inajaribiwa," alisema kaka. "Ila mtu mwenye shida, neno 'bado' halimwingii sikioni."

Siku hizi amerudi kwenye cherehani yake, anakanyaga kwa mguu mmoja, na kliniki anakwenda shingo upande, mkewe nyuma yake. Kule maabara, maji yale yaligundulika yanawasha ngozi, ikabidi watafiti warudi nyuma kutafuta ni kitu gani hasa ndani yake kinachosaidia na kipi kinachodhuru. Bi Kijani anaendelea kusaga.

Jirani akimjia na chupa tupu kuomba "maji ya mwani", hamfafanulii sana. Humwelekeza kwa kaka yake, naye kaka huvua kiatu.