Fundi saa na gari lililovaa viatu vya baba yake

Saa tatu asubuhi, fundi amepachika jichoni lenzi yake nyeusi, ile ile aliyotazamia matumbo ya saa kwa miaka ishirini na sita. Leo mezani hakuna saa. Kuna gari la rimoti, refu kama mkono toka kiwiko hadi vidole, limelazwa chali juu ya kitaulo kama kobe aliyepinduliwa.

"Mgonjwa huyu kavaa viatu vya baba yake," anasema, akipitisha kidole kati ya tairi na bodi kuona kama vinagusana.

Wanamwita Sekunde. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, kazi ilimkaukia, hata siku ya wateja wawili akaiita sikukuu. Ndipo jirani yake, dereva mstaafu wa lori, alipomletea gari hili la kupanda mawe. Yeye na wenzake tisa, watu wazima wenye wajukuu, huyachezesha magari yao kila Jumamosi kwenye machimbo yaliyoachwa.

Dereva alitaka matairi makubwa kupita kiasi, tumbo la gari lisikwame juu ya mawe. Sekunde akamfungia. Kwenye jiwe la kwanza tu, mbele ya wote, mota ikatoa moshi. Tairi kubwa ni mzigo, na gia zilikuwa zile zile.

"Fundi saa mzima, nasahau gia," anasema. "Gia ndizo zilizonilelea watoto."

Safari hii ameondoa gia ya meno kumi na manne, ameweka ya kumi na moja. Gari litakwenda polepole, ila kwa nguvu. Bodi nayo ameipunguza kwa mkasi wa mkewe, fundi cherehani wa meza ya pili.

"Mkasi wa kitambaa ule," mkewe anasema bila kuinua macho.

"Gari nalo nalishonea, mke wangu."

"Shona. Ukiunguza tena leo, utabaki kunitungia uzi kwenye sindano."

Hatanii sana. Wale tisa wamesema gari likifika juu ya mawe, watampa Sekunde magari yao yote ayatunze. Likishindwa, watatafuta fundi mwingine.

Machimboni, gari linalipita jiwe la kwanza bila moshi. Kwenye la pili, lenye kimo cha goti, linateleza, linabiringika.

"Limeamkia kilabuni," mmoja anasema. Wanacheka.

Sekunde anachuchumaa, analibonyeza tairi. Gumu kama ndimu. Alilijaza sponji mpaka likawa duara kamili, maana mkono wake haujui kuacha kitu kimelegea.

Anayafungua matairi manne taratibu, anapunguza sponji kwa wembe, anayarudisha. Sasa yanabonyea, yanalikumbatia jiwe. Gari linatambaa, linasita, linafika juu.

Dereva anaweka kiganja juu ya mota. "Vuguvugu," anatangaza. "Kama chai ya mgeni aliyechelewa."

Jumatatu magari tisa yamepangwa hadi kwenye meza ya cherehani. Sekunde anataka kuchonga meza ya tatu, na chini ya kibao chake cha "Fundi Saa" aongeze mstari mmoja.

"Uandike nini?" mkewe anauliza, akisogeza gari moja kwa kiwiko.

"Na Magari ya Mawe."

"Anza na mkasi wangu," anasema, na kumsogezea jiwe la kunolea.