Prosesa Kwenye Kikopo cha Vijiko

Niliikuta katikati ya vijiko. Asubuhi hiyo nilikuwa natafuta kijiko kidogo cha kukorogea uji wa mtoto, vidole vikagusa kitu bapa, cha mraba, kisichozidi kiganja cha mtoto, chenye viguu vingi vyembamba vya dhahabu upande mmoja. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kitu hicho nilikuwa nimekitafuta mpaka nikakata tamaa. Nimepindua godoro, nimekung'uta viatu vya marehemu, nimemwaga hata gunia langu la vitambaa. Kumbe kiko jikoni, kinaishi na vijiko, na mimi natia mkono kwenye kikopo hicho kila siku ya Mungu.

Ilikuwa prosesa, ubongo wa kompyuta ya mume wangu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Voi, na kompyuta nilikuwa naijua kama kitu cha kupangusa vumbi, na vumbi la Voi halijui kuchoka. Mume wangu aliuza misumari na mabati kwenye duka la watu siku za kazi, na Jumapili alirekodi kwaya. Leo Bura, Jumapili ijayo Mbololo, nyingine juu Sagalla kwao, begi la nyaya mgongoni, amepanda bodaboda. Kabla kwaya haijaimba alijaribu maikrofoni kwa maneno yale yale: "Moja, mbili, kunde." Ukimuuliza kwa nini kunde na si tatu, anakwambia tatu haina ladha.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kukaa mezani, ofisi fulani ilikuwa inaitupa yeye akaikumbatia. Ikianza kufikiria, unaweza kwenda sokoni ukachagua nyanya moja moja, ukarudi, bado inafikiria. Nilizoea kumtania kwamba ameoa wake wawili, na huyu mkubwa ndiye mvivu. Mara ya mwisho aliporekodi kwaya ya Sagalla, mashine iligoma kabisa alipotaka kuutengeneza ule wimbo. Akafunga kila kitu akasema, "Huu siugusi tena mpaka nibadilishe prosesa." Akatafuta nyingine yenye nguvu zaidi, iliyotoka kwenye mashine ya mtu, na Jumapili moja ambayo hakuwa na kazi akafungua kompyuta mezani petu.

Akatoa ile ya zamani, akaweka ile mpya, akawasha. Feni ikazunguka vizuri, skrini ikabaki nyeusi tii. Akazima, akawasha. Nyeusi. Nikamwambia, "Ulikuwa na kompyuta inayochelewa, sasa una isiyofika kabisa." Alicheka, ingawa niliona ameumia. Akaiweka ile ya zamani kwenye kisosi, akaipandisha juu ya rafu ya vikombe mtoto asiifikie. "Kesho jioni nikitoka kazini nairudisha," akasema. Kesho yake asubuhi, kwenye barabara kuu, lori liliigonga bodaboda aliyokuwa amepanda. Hakukuwa na jioni.

Simu yake ilirudi kutoka hospitalini ikiwa na kioo kilichopondeka. Nikaipeleka kwa mtengeneza simu mmoja mjini, akanirudishia inang'aa, inawaka, na ndani haina kitu. "Ilikuwa imekwama, mama, nikaisafisha yote ndiyo iwake." Kila neno mume wangu alilowahi kurekodi kwa sauti yake, kila video ya Krismasi, yote yalikuwa yamesafishwa, na simu yangu mimi ni ya vitufe tu. Sikumtukana. Nilitoka pale nikatembea hadi kwenye cherehani yangu nikashona sare za shule mpaka macho yakauma.

Kisha mtoto akaanza. Binti yetu alikuwa bado hajaanza shule baba yake alipofariki. Siku moja namwogesha, akaniuliza, "Mama, baba alikuwa anaongea vipi?" Nikajaribu kumwigiza. Nikakaza koo, nikasema moja, mbili, kunde. Mtoto akanitazama kwa huruma, akasema, "Hapana, si hivyo." Akafikiri. "Sijui, lakini si hivyo." Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ambayo hata kaburini sikuipata. Mtoto alikuwa anaisahau sauti ya baba yake, na mimi sikuwa na pa kuichota tena, isipokuwa ndani ya ile mashine iliyokufa.

Nikaenda kwa fundi wa kompyuta karibu na stendi. Mtu mpole, anaongea taratibu. Akanieleza kwamba kompyuta haijafa. "Hiyo bodi inayobeba prosesa ni ya zamani, haiijui prosesa mpya. Inabidi ifundishwe kwanza, na haiwezi kufundishwa mpaka iwe na ile inayoijua. Ile ya zamani iko wapi?" Kwenye kisosi juu ya vikombe haikuwepo tena, na sikujua ilikokwenda. Akasema basi nimletee diski, ile sehemu inayohifadhi vitu, aifungue kwenye mashine yake. Nikamkatalia. Akaniambia hakuna kitakachopotea. Nikamkatalia tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na mimi kidonda cha simu kilikuwa bado kibichi. Kitu cha mume wangu hakingetoka tena nyumbani kwangu kikarudi kimesafishwa. Hakuona vibaya. Alikaa na mimi akanionyesha kwenye mashine nyingine jinsi prosesa inavyotoka na inavyoingia, kona yenye alama ya pembetatu ikae wapi, nisikandamize, iingie yenyewe kwa uzito wake. Nikarudi nyumbani nikapindua kila kitu, nikakosa, nikaacha.

Na sasa iko mkononi mwangu, lakini imeharibika. Upande mmoja wa vile viguu ulikuwa umelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na katikati yake mmeganda kitu cheupe cheupe. Nikanusa. Majivu.

Nikajua mara moja. Kwetu mfiwa haingii jikoni. Ukifiwa unawekewa godoro sebuleni, unakaa, na nyumba inachukuliwa na wanawake wengine. Wanapika, wanafagia, wanaosha hata visivyo vichafu, na wewe huna ruhusa ya kuinuka. Wifi yangu, dada yake mkubwa, ndiye aliyeshika jikoni. Nilikuwa namsikia kutoka pale godoroni, anasugua, anasuuza, anasugua. Ni mtu wa Sagalla, ambako maji yanabebwa kwa mgongo, na sufuria husuguliwa kwa majivu makavu kwanza ndipo inyunyiziwe maji kidogo. Tabia hiyo aliteremka nayo Voi.

Nikampigia. "Wifi, kuna kitu kilikuwa kwenye kisosi juu ya vikombe. Ulikiosha?"

"Kile cha kuwekea sabuni? Nilikiosha. Kilikuwa na uchafu wa kijivu umekishika, nikakisugua kweli kweli, nikakitia na vijiko kikauke."

Uchafu wa kijivu ni ile grisi ya kupozea, ambayo fundi alinieleza. Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo wifi haambiwi: kwamba ana mikono ya jembe, kwamba anaosha vitu vya watu bila kuuliza, kwamba ameisugua sauti ya marehemu kwa majivu. Kisha akasema, "Wifi, siku ile nilikuwa natafuta kitu cha kusugua. Ndugu yangu yuko mochari, na mikono ilikuwa inataka kazi. Ningesugua hata ukuta."

Nilikata simu nikalia, na nilikuwa ninalia kwa ajili ya wifi, si kwa ajili ya prosesa.

Jumamosi mchana akateremka kutoka Sagalla, na kifurushi cha pojo kwenye kanga. Hatukuombana msamaha. Alikaa upande wa pili wa meza ya cherehani, akaniangalia. Nilichukua mswaki mpya nikayafagia majivu kutoka kwa vile viguu. Kisha nikachagua sindano nyembamba kuliko zote, ile ya kushonea shanga, nikavua miwani, nikavaa tena. Kiguu kimoja, nakisimamisha. Kinachofuata. Ukikilazimisha kinakatika, ukikiogopa hakisimami, na kikikatika kimoja basi umeshika takataka. Nimeshona mashela ya maharusi maisha yangu yote na sijawahi kwenda polepole hivyo. Wifi alikuwa ameshikilia tochi, na kila kiguu kikisimama alikuwa anasema "eeh" kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwenye maombi.

Mstari ulipokaa sawa nikaipeleka kwenye bodi. Nikatoa ile mpya, nikatafuta pembetatu, nikaiachilia. Ilisita, halafu ikazama mahali pake. Nikapaka grisi kidogo aliyonipa fundi, nikarudisha feni, nikachomeka. Nikamwambia wifi awashe yeye. Akakataa. "Ni ya mumeo." Nikabonyeza.

Skrini ikawaka. Maandishi meupe yakatokea yakilalamika kwamba saa na tarehe vimepotea. Betri yake ndogo ilikuwa imeisha, na kompyuta ilikuwa imerudi nyuma hadi mwaka ambao mimi na mume wangu hata hatujajuana. Sikuirekebisha. Nilibonyeza ya kuendelea, na picha ya mtoto akiwa mchanga ikajaa skrini.

Nikamwita mtoto, nikampakata. Nikafungua kwaya ya Bura. Wimbo ukaanza moja kwa moja, safi, sauti ya kwanza, ya pili. Nikafungua ya Mbololo. Wimbo moja kwa moja. Nikafungua nyingine, na nyingine, na kote mume wangu hayumo. Nikaelewa polepole. Ndivyo alivyofanya kazi: kila wimbo ulipokamilika, alijikata. Kunde yake anaikata, kikohozi chake anakikata, ile "asanteni akina mama" ya mwisho anaikata, ili wenye kwaya wapate wimbo wao bila yeye. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia marehemu mpaka meno yakauma. Mtu gani anajifuta hivi kwa mikono yake mwenyewe, kwa bidii, miaka yote hiyo?

Wifi akasema polepole, "Na ule wa kwetu?"

Kwaya ya Sagalla. Wimbo ule ambao mashine iligoma nao, ambao alisema haugusi tena mpaka abadilishe prosesa. Prosesa mpya ingekubali Jumapili ile, angejikata humo siku hiyo hiyo. Nikaufungua.

Kulikuwa na mabenchi yanaburutwa. Mtu anakohoa. Kisha, karibu kabisa, kana kwamba mdomo wake uko begani kwangu: "Moja, mbili, kunde." Wanawake wakacheka. Wifi akajifunika uso kwa kanga. "Sauti ya pili, sogeeni nyuma kidogo, mnanimeza." Halafu simu ikalia mle ndani ya rekodi, na akaipokea, na nikajua ni mimi niliyekuwa napiga. "Eeh, mama. Bado niko Sagalla. Amekataa kula? Usimlazimishe. Mwambie baba anakuja."

Mtoto alikuwa ametulia tuli mapajani mwangu. Akaisikiliza mpaka kwaya ikaanza. Aliteleza akashuka, akaenda mlangoni, akanyoosha mkono kwenye komeo, lakini komeo liko juu, halifikii. Akageuka akanitazama, akingoja nimfungulie.

Nikainuka nikamfungulia.