Mota Tuliyochaguliwa na Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya vito mjini Thika, Fundi Mkuu alinipa pete ya shaba ya kujifunzia na kunionyesha mota iliyoning'inia juu ya meza. Kutoka kwenye mota uliteremka waya mnene unaozunguka ndani ya mpira, na mwisho wake palikuwa na kishikio cha kukamata kama kalamu. Unakanyaga pedali, ncha inazunguka, unachonga.

"Usibonyeze," aliniambia. "Ukiona unasukuma, ncha imeisha makali. Badilisha."

Alitufundisha vizuri mzee yule. Kwa kuchonga majina na maua tulitumia kishikio chembamba. Kwa kupachika mawe, yaani kukunja kucha ndogo za dhahabu juu ya jiwe lisitoke, tulikuwa na kishikio kingine kinachogonga haraka haraka kama nyundo ndogo sana. Hicho ndicho cha kuogopa. Kikiwa kizuri, mapigo yake yote yanaishia kwenye dhahabu. Kikiwa kibaya, yanaishia kwenye mifupa yako. Ndiyo maana Fundi Mkuu hakununua chombo kabla ya atakayekitumia kukijaribu.

Meza ya pili alikaa Kamande. Alipanga mawe madogo kama punje za wimbi, na ukipitisha kitambaa cha hariri juu yake hakikwami popote. Sijaona mpachikaji kama yeye tena.

Fundi Mkuu alipostaafu, Meneja akaamua kununua vyombo mwenyewe. Hakuuliza mtu. Alileta mota mpya zinazong'aa, na vishikio vizito vya kugonga. Kamande alikanyaga pedali, akasikiliza, akakiweka kishikio chini.

"Bosi, hii inatetemeka vibaya. Beringi zimelegea hata kabla hatujaanza kazi. Si turudishe?"

Meneja alicheka. "Wewe Kamande unataka mashine ikubembeleze? Fanya kazi bwana."

Tukafanya. Baridi ya Julai ilipoingia, vidole vya Kamande vilianza kuwa vyeupe kama chaki. Akawa anavisugua mapajani ndipo aweze kushika koleo. Nilienda ofisini kumwambia Meneja. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Mwambie avae glavu." Glavu! Uvae glavu halafu ukamate jiwe la ukubwa wa punje ya wimbi! Mpaka leo nikikumbuka neno hilo, kichwa kinaniuma.

Halafu asubuhi moja niliona meza yake imelowa.

"Kamande, damu!"

Aliangalia huku na huku. "Ya nani?"

Ilikuwa yake. Ncha ilikuwa imeingia kwenye kidole gumba na hakuwa amehisi kitu. Ngai, alivyokitazama kile kidole, kana kwamba kiliwekwa pale na mtu mwingine.

Meneja alikuja mbio, akashika pete kwanza. "Umeharibu mali ya mteja," alisema, na siku hiyo hiyo akamfukuza kwa uzembe. Uzembe! Kamande!

Nikasimama. "Meneja, ni hiyo mota. Alikuambia."

"Na wewe unataka kumfuata?"

"Ndiyo," nikasema, nikavua aproni.

Nilipata kazi Ruiru, katika karakana ndogo ya mama mmoja ambaye naye alikuwa mchongaji. Aliweka vishikio kadhaa mezani akaniambia, "Vishike mpaka ujue chako." Nyinyi mnaoanza kazi, fanyeni hivyo. Kanyaga pedali kidogo, ncha ianze polepole bila kukwama. Iangalie ikizunguka, ikicheza pembeni, kataa. Iache ifanye kazi kwa muda, uone kama inapata joto. Kisha weka chini, usikilize mkono wako. Mkono ukiendelea kutetemeka, hicho chombo si chako, hata kiwe kinang'aa namna gani. Mimi nilichagua kile ambacho mota iko ndani ya kishikio chenyewe, chepesi, na nilistaafu nacho. Bado natunga uzi kwenye sindano. Watu huniambia nishukuru. Mimi hukasirika zaidi, kwa sababu kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Mwezi uliopita nilikutana na Meneja kwenye harusi hapa Ruiru. Amezeeka, ana mkongojo. Alinisalimia kwa furaha.

"Nyambura! Mlikuwa mafundi wazuri sana nyinyi. Na Kamande je, yuko wapi siku hizi?"

"Yuko Ngoingwa," nikamwambia. "Mke wake ndiye humfungia vifungo vya shati. Nenda kesho asubuhi, umsaidie."

Akaniomba namba ya nyumba, nikampa, nikamwelekeza mpaka kwenye geti.

Nimemuuliza mke wa Kamande. Hajaenda.