Fundi wa Mota Asife

Siku hizi nasoma hadithi za safari za nyota kama mtu anayekula njugu, sishibi. Nimejifunza kwamba kwa miaka mingi waliosikika zaidi katika hadithi hizo walikuwa wanaume weupe, na ndani ya vyombo vyao mtu mweusi alipewa kazi ya kufa mapema, mwanamke kazi ya kupiga kelele. Watu wamebishana sana kuhusu jambo hilo. Sisi tulilimaliza uani kwetu, Shari karibu na Bunia, wakati wa vita!

Shule zilikuwa zimefungwa. Shangazi, aliyekuwa akitulea, alisuka nywele pale uani, na wateja wake walikuwa majirani na wanawake waliokimbia kutoka Djugu. Baba alikuwa fundi wa mota za pampu kwenye machimbo ya dhahabu. Aliondoka kabla njia hazijafungwa, na hatukupata tena habari zake. Nyumbani hatukumtaja.

Kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya, alishinda kwenye chumba cha video. Msichana akionekana pale aliitwa mhuni, basi kaka alinisimulia mimi, nami nikawasimulia wanawake waliokaa kusukwa. Niliipenda kazi hiyo mno! Nilinguruma kama roketi, nikaanguka, nikafufuka.

Siku moja kaka alinisimulia filamu ya chombo kilichopotea kati ya nyota. Ndani karibu wote wazungu, mmoja wao mwanamke wa kupika kahawa na kulia, na mtu mweusi mmoja tu, fundi wa mota. Nilipoisimulia uani mpaka mahali dudu la angani linapomla fundi, shangazi aliacha msuko ukining'inia.

"Tena? Kila filme mutu mweusi anakufaka wa kwanza! Minakatala. Mufufue."

"Tantine, filme iko vile."

"Basi iharibu!"

Nikamfufua fundi, akalichoma lile dudu kwa mvuke wa mota. Yule mwanamke akamwaga kahawa, akamsukuma kapteni pembeni, akashika usukani. Vigelegele! Mama mmoja wa Djugu, ambaye hatukuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka kitana kikamtoka nyweleni.

Kumbe kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Weye muongo! Ule mutu alikufa, niliona na macho yangu. Sitakuletea tena filme."

"Baki nayo, yaya! Baki na filme yako ya kuua batu!" nilimjibu, maana hasira zangu ziko karibu.

Kesho yake wanawake walikuja, wakakaa, wakaniangalia. Sikuwa na filamu. Niliogopa kweli, kisha nikaona kwamba sasa hakuna wa kunisahihisha, na furaha ikanipanda kichwani. Nikakirusha chombo kutoka uwanja wa ndege wa Bunia. Kapteni nikamweka muuza samaki wa Mahagi-Port, mnene, mwenye mdomo. Wanajeshi wa mwezini walipomwekea kizuizi aliwafokea mpaka wakamfungulia wenyewe. Mteja mmoja akataka chombo kiwe na jiko. Mwingine akataka kitue Irumu kumchukua mama yake. Nikatua Irumu. Nani angenikataza?

Fundi wa mota sikumsahau. Nilimpa kofia ya baba, na ule mtindo wa baba wa kuibembeleza mashine kama mbuzi anayekataa kukamuliwa. Shangazi aliinua macho, akaniangalia, akaendelea kusuka.

Kaka alikuwa ameketi ukutani, video ameiacha. Nilipofika mahali jiwe kubwa linapogonga chombo na moshi kujaa kwenye mota, alisimama. Nilijiandaa kuitwa mwongo.

"Ule wa motere," aliuliza kwa sauti ndogo. "Atarudia ku nyumba?"

Mikono ya shangazi ilisimama kichwani mwa mteja.

"Atarudia," nilisema.

Kaka alikuja akaketi mbele yangu kabisa, magoti yake yakigusa miguu yangu.

"Basi sema atapita njia gani," alisema. "Sababu njia zote zilifungwa."

Nikavuta pumzi, nikaanza kumwonyesha.